Tegu wa Mlimani na Tegu wa Bandarini

Panya shamba anayefukua mbegu za mahindi kule Morogoro kabla hazijachipua, yule anayezaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja, amebeba jina la Durban. Mwaka 1834 daktari Andrew Smith alimwandika kwa mara ya kwanza katika sayansi kutokana na vielelezo vya Port Natal, kituo kidogo cha biashara ambacho mwaka uliofuata kilibadilishwa jina kumpa heshima gavana Benjamin D'Urban. Mji ukapata jina jipya, panya akabaki na la zamani: Mastomys natalensis, panya wa Natal. Mkulima wa Kilosa akimlaani hajui kwamba anamlaani mgeni mwenye pasipoti ya Afrika Kusini.

Naanza na panya huyu kwa sababu yeye huishi pande mbili, shambani na nyumbani, na swali ninalolishika hapa lina pande hizohizo mbili. Ukitoka Durban kwa barabara ya N3, ukapita Pietermaritzburg, ukapanda hadi Mooi River na kukata kushoto kuelekea Kamberg, kwa mwendo wa saa mbili au tatu utakuwa umeiacha miwa na joto la pwani na kuingia kwenye nyasi za nyanda za juu, chini ya ukuta wa milima ambayo Wazulu huiita uKhahlamba na ramani nyingi huiita Drakensberg. Kilele cha Mafadi kina mita 3,450. Mtu wa kwetu aliyewahi kufika Kitulo, juu ya Mbeya, ataitambua nchi hii mara moja: upepo, umande mzito, maua mafupi, na ndani ya majani njia nyembamba kama mitaro, zilizokatwa na wanyama ambao ni nadra kuwaona mchana.

Wanyama hao wadogo wana tegu, na panya wa bandari ya Durban nao wana tegu. Watu wakisikia habari hizi mbili huzichanganya kuwa moja, wakapata hofu isiyo na mahali: mlima umejaa vimelea, vitatushukia. Maoni yangu ni kwamba hizi ni hadithi mbili tofauti, na kinachozitenga ni mlo wa panya. Urefu wa mlima una sehemu yake, lakini ni sehemu ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Tegu mwenyewe ni kiumbe cha ajabu. Hana mdomo wala utumbo. Ni utepe wa pingili, kichwa kikiwa kimejishikiza kwenye ukuta wa utumbo wa mnyama kwa vinyonyeo vinne, na kwa jamii nyingine kwa taji la kulabu pia. Chakula anakifyonza kwa ngozi yake yote. Karibu kila pingili ina viungo vya kiume na vya kike, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kutoa mayai, nayo humwagika nje na kinyesi. Hapo ndipo penye fundo la hadithi yote. Kwa tegu wengi yai likiliwa na mnyama wa aina ileile lililotoka kwake halizai tegu mzima. Ni lazima kwanza liingie kwa mwenyeji wa kati, liwe buu ndani yake, na mwenyeji huyo aliwe. Asipoliwa, hadithi imeishia hapo.

Kwa hiyo ukitaka kujua ni tegu gani yupo mahali fulani, uliza nani anamla nani hapo.

Tuanzie bandarini, penye utafiti mwingi zaidi. Panya mkubwa wa Durban ni Rattus norvegicus, panya wa mifereji, aliyekuja na meli kama alivyokuja katika bandari nyingine za dunia. Kati ya mwaka 2003 na 2006 mradi mkubwa uliopewa jina la RatZooMan ulichunguza magonjwa ya panya katika nchi kadhaa za kusini na mashariki mwa Afrika; Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro kilikuwa mshirika, na Durban ilikuwa mojawapo ya miji iliyochunguzwa. Mtaa wa Cato Crest, wenye nyumba za mabati na mbao zilizobanana ndani ya eneo la Cato Manor, ulitazamwa kwa karibu. Kazi iliyoandikwa na Peter Taylor na wenzake mwaka 2008 ilisema wazi kwamba mbinu za kudhibiti panya zilizobuniwa kwa miji ya nchi tajiri hazitoshi katika mtaa wa namna hii. Nadhani walikuwa wapole. Mwongozo unaoanza kwa kumwambia mtu azibe matundu ya ukuta unadhani kwanza ana ukuta.

Wataalamu wa vimelea wa Durban, akiwemo Colleen Archer, waliwapasua panya wa mji na kuandika walichokikuta. Habari iliyovuma zaidi, mwaka 2011, haikuwa ya tegu: ilikuwa ya mnyoo wa mapafu ya panya, Angiostrongylus cantonensis, ambaye alikuwa hajawahi kuripotiwa Afrika Kusini kabla ya hapo na ambaye kwa binadamu anaweza kufika kwenye ubongo. Lakini tegu wa panya naye alikuwamo, Hymenolepis diminuta, mkazi wa bandari duniani kote.

Mwenyeji wake wa kati ni mdudu: dundu mdogo wa unga, buu la nondo wa nafaka, kiroboto. Mdudu hula kinyesi cha panya chenye mayai, na katika joto la nyuzi 26 hadi 30, joto ambalo Durban inalo kwa miezi mingi, buu hukomaa ndani yake kwa wiki moja au mbili. Panya akimla mdudu pamoja na nafaka, mzunguko umefungwa. Sasa itazame Durban kwa jicho la tegu huyu: maghala ya nafaka, kituo cha sukari pale Maydon Wharf, masoko ya Warwick, malori ya N3 yanayoshusha mizigo usiku na mchana. Chakula kimewekwa pamoja, wadudu wamekifuata, panya wamewafuata wadudu, na joto linaharakisha kila hatua. Hapahitajiki aina nyingi za wanyama. Panya mmoja, mdudu mmoja na gunia vinatosha.

Tegu huyu amekuwa mpenzi wa maabara kwa miaka mingi, na kuna mambo yake mawili ambayo siwezi kuyaacha yapite. Mwaka 1951 Mmarekani Clark Read alieleza jinsi tegu wanavyobanana: akiwa peke yake ndani ya panya hurefuka hata akapita mkono wa mtu mzima, wakiwa wengi kila mmoja hubaki mfupi, kama mihogo iliyopandwa karibukaribu. Baadaye akaonyesha kwamba tegu akihamishwa kwa upasuaji kutoka panya mzee kwenda panya kijana, tena na tena, anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi, wakati panya mwenyewe hufika miwili au mitatu kwa taabu. Inaelekea kinachomuua tegu ni kufa kwa mwenyeji wake, na ndiyo maana hana haraka ya kumuumiza.

Sasa tupande.

Kwenye nyasi za Kamberg na juu yake, wanyama wadogo wanaotawala ni wa namna nyingine. Kuna Otomys, panya mnene mwenye masikio makubwa na uso butu, anayekula majani na mashina badala ya nafaka. Juu zaidi, mpakani na Lesotho, zaidi ya mita 2,000, yuko ndugu yake anayeitwa panya wa barafu, Otomys sloggetti. Huyu halali usingizi wa majira ya baridi kama wanyama wa Ulaya. Usiku hujikusanya na wenzake shimoni na asubuhi hutoka kuota jua kwenye mawe. Kuna pimbi wa miambani, ambaye si panya hata kidogo, ukoo wake ukiwa karibu na tembo. Na kuna panya-milia, Rhabdomys, mwenye mistari minne mgongoni, anayekula mbegu, majani na wadudu bila kuchagua sana.

Mnyama anayekula majani tu atapataje tegu, ikiwa lazima ale mdudu? Swali hilo liliwasumbua wataalamu wa mifugo kwa miongo mingi, maana kondoo nao wana tegu na hakuna aliyemwona kondoo akiwinda. Jibu lilipatikana mwaka 1937, Horace Stunkard alipoonyesha kwamba tegu wa kondoo, Moniezia, hupitia kwa utitiri wa udongo, vijidudu vidogo kama punje ya chumvi vinavyopanda kwenye majani yenye unyevu. Kondoo humeza nyasi na utitiri pamoja. Ukoo huo wa tegu umeenea kwa wanyama wala majani wa kila namna, na pimbi na panya wa Afrika wana jamii zao. Nyasi za juu, zenye ukungu na udongo usiokauka, ni makazi mazuri ya utitiri. Kwa hiyo mnyama mpole kuliko wote mlimani anaweza kuwa na tumbo lililojaa tegu, tena wa aina ambazo panya wa Maydon Wharf hatazipata hata akiishi miaka mia, kwa kuwa hali nyasi za mlimani.

Halafu kuna tegu anayemtumia panya kama daraja. Hydatigera taeniaeformis huishi utumboni mwa paka. Mayai hudondoka na kinyesi cha paka, panya huyala pamoja na majani au mbegu, na buu hujenga kifuko cheupe kwenye ini lake kikisubiri siku panya atakapokamatwa. Mjini paka wa kufugwa anatosha. Mlimani nafasi hiyo huwa ya paka wa mwituni, na hodari wao ni mondo. J. M. Bowland na M. R. Perrin, walipochapisha mwaka 1993 uchunguzi wao wa chakula cha mondo katika nyanda za juu za Natal, walionyesha kwamba mnyama huyu anaishi kwa panya, na Otomys ndiye mkate wake wa kila siku. Mkulima anayemwona mondo karibu na banda la kuku hushika bunduki. Mara nyingi anamwinda mlinzi wa malisho yake, kwa maana panya hao wangekula majani ambayo ng'ombe wake angeyala.

Ini lenye kifuko lina historia yake. Katika miaka ya 1920 Bullock na Curtis, wakifanya kazi New York, waliwalisha maelfu ya panya mayai ya tegu wa paka na kuona saratani ikiota kwenye kuta za vifuko hivyo. Wakati huo dunia nzima ilikuwa ikitafuta kimelea cha saratani. Mdenmaki Johannes Fibiger alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1926 kwa mnyoo mwingine wa panya, na baadaye ikadhihirika kwamba alikosea. Bullock na Curtis, ambao hawakukosea, hawakupata chochote.

Na urefu wa mlima? Una kazi yake, lakini hufanya kazi kupitia joto na maji. Mwaka 1996 Chris Appleton na Eleanor Gouws walichapisha uchunguzi wa minyoo ya kawaida ya watoto wa shule kwenye mstari unaopanda kutoka pwani ya KwaZulu-Natal kwenda milimani. Minyoo ambao mayai au mabuu yao yanahitaji udongo wenye joto walipungua kadiri mstari ulivyopanda. Safura ilikuwa hasa ugonjwa wa pwani. Tegu hawafuati sheria moja kama hao. Buu la Hymenolepis ndani ya mdudu huchelewa sana penye baridi, kwa hiyo mlima unamkwamisha. Mayai ya jamii ya Taenia na jamaa zake, kinyume chake, hustahimili baridi vizuri na huuawa zaidi na ukavu na jua kali. Mlima uleule unamfukuza tegu mmoja na kumhifadhi mwingine. Anayesema kwamba nyanda za juu zina vimelea wachache, au wengi, ataje kwanza anamzungumzia yupi.

Hofu ya mlima ina asili yake ya kweli, lakini asili hiyo iko mbali. Katika uwanda wa Tibet, penye nyasi kwenye mita 4,000 na zaidi, panya wa majani na pika, binamu mdogo wa sungura, hubeba mabuu ya Echinococcus multilocularis. Mbweha na mbwa huwala, mayai hushika kwenye manyoya ya mbwa, mchungaji humshika mbwa wake, na miaka mingi baadaye ini la mchungaji huoza taratibu kana kwamba lina saratani. Wilaya ya Shiqu, mkoani Sichuan, imeumizwa sana na ugonjwa huu, na tegu mwingine wa jamii hiyo, aliyetambuliwa mwaka 2005 kwa mbweha na pika wa huko, alipewa jina la wilaya: Echinococcus shiquicus. China imewatilia pika sumu kwa miongo mingi, na pamoja na pika wakafa ndege na wanyama waliowategemea. Mbwa aliyekuwa akilala mlangoni aliendelea kulala mlangoni.

Multilocularis hayumo katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Ndugu zake wa kwetu hupita kwa mifugo na wanyama wakubwa. Turkana, ambako ugonjwa wa vifuko vya maji umekuwa mkubwa kupindukia na shirika la AMREF likaupiga vita kwa miaka mingi, kinachozungusha tegu ni mbwa, mbuzi na kondoo, wala panya hahusiki. Yule wa simba, Echinococcus felidis, alielezwa na Ortlepp mwaka 1937 kutokana na simba wa Afrika Kusini, akasahaulika katika mabishano ya majina, mpaka mwaka 2008 vinasaba vya vimelea vya simba wa Uganda vilipothibitisha kwamba kweli ni spishi yake peke yake. Mchungaji wa Drakensberg hana sababu ya kumwogopa panya wa barafu. Amwangalie mbwa wake na matumbo ya kondoo anayomtupia siku ya kuchinja.

Je, tegu wa panya mwitu hawaingii kabisa kwa binadamu? Huingia, mara moja moja. Mwaka 1870 Mfaransa Casimir Davaine alieleza tegu waliotoka kwa watoto wa Mayotte, kwenye visiwa vyetu vya Komoro. Tegu huyo sasa anaitwa Inermicapsifer madagascariensis, na katika bara letu mwenyeji wake wa kawaida ni panya wa nyikani. Mtoto humpata pengine kwa kumeza kijidudu bila kujua, akicheza chini. Dawa humtoa.

Mwenye kunipa wasiwasi hatoki mlimani. Ni Hymenolepis nana, tegu kibeti, mrefu kama kidole au chini ya hapo. Theodor Bilharz, yuleyule wa kichocho, alimkuta mwaka 1851 Kairo kwenye maiti ya mvulana. Miaka ya 1880 Mwitaliano Giovanni Battista Grassi aligundua kilichomtenga na wenzake: huyu hahitaji mwenyeji wa kati. Yai likiingia kinywani linakuwa buu katika ukuta wa utumbo wa mtu huyohuyo, kisha tegu mzima, na mayai yake yanaweza kuanza upya ndani bila kutoka nje. Ndiye tegu wa kawaida kuliko wote kwa binadamu duniani, hasa watoto wa mitaa iliyobanana, yenye bomba moja la maji kwa nyumba nyingi. Panya nao wanaye, ingawa mtoto mara nyingi humpata kwa mtoto mwenzake. Prazikwanteli, dawa ileile ya kichocho, inamtoa.

Mwaka 2013 madaktari wa Medellín, Colombia, walikutana na mtu wa miaka 41 mwenye virusi vya UKIMWI, mwenye uvimbe mapafuni na kwenye tezi. Seli za uvimbe zilikuwa ndogo mno kuwa za binadamu. Wachunguzi wa Marekani, Atis Muehlenbachs akiwa mbele yao, walipopima vinasaba waligundua kwamba seli zile ni za Hymenolepis nana: tegu alikuwa amepata saratani, na saratani yake ikaenea ndani ya mtu ambaye kinga yake haikuweza kumzuia. Mgonjwa alikuwa amebakiwa na siku tatu tu jibu lilipopatikana. Kisa kilichapishwa mwaka 2015. Ni kisa kimoja, na singekitumia kumtia mtu hofu. Lakini KwaZulu-Natal ni miongoni mwa mikoa ya Afrika Kusini iliyoelemewa zaidi na UKIMWI, na mtaa wenye tegu kibeti na kinga dhaifu pamoja ni mahali pa kupima choo cha watoto kabla ya kuhesabu vifuko kwenye maini ya panya wa mlimani.

Maana yake kwa anayepanga fedha za afya Durban ni ya nyumbani kabisa. Sumu ya panya inayotandazwa bila mpango mjini hupunguza panya kwa wiki chache, waliobaki wakazaa na kujaza nafasi. Shambani huwaua bundi na mondo wanaokula panya waliokwisha kunywa sumu. Paka anayeletwa kutatua shida ya panya huleta tegu wake mwenyewe. Kilicho na matokeo ni kazi isiyopigwa picha: gunia lisikae sakafuni, unga uchekechwe, taka ziondolewe kabla ya usiku, choo kiwepo na maji ya kunawa yawepo.

Kazi ya mlimani nayo inafaa kufanywa, ila kwa sababu nyingine. Tauni iliingia Durban mwaka 1902 kwa njia ya bandari na panya wa bandari, kisha ikapoteza makao pwani na kupata makao mapya kwa panya wa nyika za bara. Kwa miongo kadhaa watu walidhani Mastomys wote ni wamoja. Mwaka 1983 Margaretha Isaäcson na wenzake waliwajaribu kwa tauni wale wenye kromosomu 32, natalensis, na wale wenye 36, coucha, wanaofanana kama pacha. Wenye 36 walikufa kwa urahisi, wenye 32 walistahimili sana, na ramani ya tauni ya binadamu nchini Afrika Kusini ikakaribia kulingana na ramani ya coucha. Coucha ni wa nyanda za ndani. Natalensis ni wa pwani na nchi zenye mvua. Mteremko ulio kati ya Durban na Drakensberg ni nchi ambamo mmoja huishia na mwingine huanza, na pale ambapo panya mkubwa wa mifereji hajafika, Mastomys huingia nyumbani na kula kilichomo jikoni. Mtafiti atakayempasua panya wa Mooi River kutafuta tegu itambidi ahesabu kwanza kromosomu zake, ndipo afungue tumbo.